Kadiria Kabla Hujajenga: Mafunzo ya Njia ya Tabora

Ujenzi ni katika mambo ambayo huwaingiza watu wema katika madeni, magomvi na fedheha. Mtu hukusudia heri: ataka nyumba ya kuwasitiri watoto wake, au jamaa wa mtaa wataka msikiti, au chuo cha kuwasomeshea vijana wao. Fedha huanza kukusanywa, fundi huitwa, naye husimama mbele ya kiwanja, hukitazama kwa dakika chache, kisha hutaja kiasi. Kwa kutegemea kiasi hicho kilichotajwa kwa mdomo, watu huuza ng'ombe, huvunja akiba zao, na hukopa. Miezi hupita. Kuta zikifika kwenye linta, fedha zimekwisha. Mvua za Novemba huanza, na matofali yaliyoachwa wazi huanza kumomonyoka. Waliotoa sadaka zao huulizana: fedha zetu zimekwenda wapi? Hapo huzaliwa dhana mbaya baina ya ndugu, na pengine hakuna mwizi hata mmoja. Liko kosa la makadirio tu.

Kosa hilo latoka wapi? Makadirio ya gharama husimama juu ya miguu miwili: habari na ujuzi. Habari ni yale mambo yaliyo kweli juu ya jengo hili hasa, mahali hapa hasa: ukubwa wake, udongo wake, bei ya saruji mwezi huu, umbali wa maji. Ujuzi ni uwezo wa kutambua, miongoni mwa mambo mia, ni yapi kumi yatakayoamua gharama. Na uwezo huo haupatikani ila kwa kufanya kazi mara nyingi na kulinganisha kila mara kilichokadiriwa na kilichotokea. Wengi hudhani vitu viwili hivi ni kimoja. Sivyo. Mtu aweza kuwa na habari tele asijue la kuzifanyia. Na mwingine aweza kuwa bingwa mkubwa, lakini akakosea kwa kuwa hakupewa habari.

Ili tuyaone haya kwa macho, tufuate njia ambayo wazee wetu waliijua kuliko njia yoyote katika bara hili: njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji.

Swali la Mgeni na Jibu la Sheikh Hashid

Mwezi wa Januari mwaka 1871 alifika Unguja mwandishi wa gazeti la New York Herald aitwaye Henry Morton Stanley, akikusudia kwenda bara kumtafuta Livingstone. Alikabiliwa na swali ambalo kila mwenye kujenga hulijua: nitahitaji kiasi gani? Fedha za mji zilikuwa hazina kazi huko bara. Chakula cha wapagazi kilinunuliwa kwa nguo, shanga na masango ya shaba nyekundu na njano. Nguo kiasi gani? Shanga za rangi gani? Masango mangapi? Akinunua pungufu, msafara utakufa njaa njiani. Akinunua mno, atalazimika kuajiri wapagazi zaidi, na kila mpagazi mpya naye anahitaji kulishwa.

Stanley alikuwa amevisoma vitabu vya waliomtangulia, vya Burton, Speke na Grant. Vilikuwa na habari nyingi za milima, mito na desturi za makabila, lakini jibu la swali lake hakulipata humo. Basi akamwendea mfanyabiashara Mwarabu wa Unguja, Sheikh Hashid, ambaye alikuwa mzoefu wa kupeleka misafara bara. Sheikh Hashid hakumpa kitabu. Alimpa hesabu moja fupi: watu 100 hutosheka kwa doti 10 za nguo kwa siku, yaani yadi 40, kwa ajili ya chakula chao.

Tazama, ndugu msomaji, nguvu iliyomo katika hesabu hiyo. Doti 10 kwa siku, kwa siku 365, ni doti 3,650 kwa mwaka. Na ndivyo ilivyogawanywa: doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi kama vile barsati na sohari. Jumlisha, utaona ni 3,650 bila kuzidi wala kupungua. Kwa safari ya miaka miwili, zidisha mara mbili. Swali ambalo vitabu vikubwa havikulijibu, mtu mmoja mjuzi alilimaliza kwa maneno machache.

Lakini ujuzi wa wafanyabiashara wale haukuishia kwenye jumla. Walimfahamisha pia kwamba shanga si shanga tu. Shanga nyekundu, samisami, zilipokewa kwa furaha Unyamwezi; shanga nyeusi, bubu, zilikuwa fedha halisi huko Ugogo, na kwingine zikakataliwa; shanga kubwa za sungomaji zilikuwa na thamani Ujiji, na kwingineko hazikuwa kitu. Masango nayo yalihesabiwa kuwa kama dhahabu katika nchi za ng'ambo ya Tanganyika, na akaambiwa frasila 10, yaani ratili 350, zingetosha. Mgeni asiyejua haya angeweza kununua shanga kwa uzito sahihi kabisa na bado akafa njaa, kwa kuwa rangi si ile inayotakiwa. Jumla yake ingekuwa sawa, na makadirio yake yangekuwa batili.

Hata hivyo, hesabu ya Sheikh Hashid haikuweza kuyajua yote. Stanley alipofika Unyanyembe mwezi wa Juni mwaka ule, na kukaa katika tembe la Kwihara, alikuta vita baina ya Mirambo na Waarabu vimeifunga njia ya Ujiji. Alikaa miezi, kisha akalazimika kuzunguka kwa njia ndefu ya kusini. Hakuna mjuzi wa Unguja ambaye angeweza kuiandika vita hiyo katika orodha ya mwezi wa Januari. Kilichomwokoa ni kwamba hakuchukua nguo za siku zile tu alizotarajia kusafiri. Alichukua na akiba. Safari yake yote, kutoka Bagamoyo na kurudi, ilichukua zaidi kidogo ya mwaka mmoja, naye alikuwa amejiandaa kwa miwili. Alipoondoka Unyanyembe mwezi wa Machi 1872, alikuwa na vitu vya kumwachia Livingstone.

Mjuzi Hutambulikana kwa Maswali Yake

Katika kisa hiki tunajifunza jambo la kwanza. Mjuzi hahitaji habari nyingi. Ahitaji habari zinazofaa. Hesabu ya Sheikh Hashid ilisimama juu ya mambo mawili tu: watu wangapi na siku ngapi.

Jambo hili halipo kwa wafanyabiashara wakubwa peke yao. Tazama mwanamke mpishi wa mtaani anayeitwa kupika pilau ya harusi. Mwenye shughuli humweleza mambo mengi: rangi ya hema, jina la bwana harusi, ukubwa wa masufuria. Yeye husikiliza kwa adabu, kisha huuliza: watu wangapi, chakula cha mchana au cha usiku, na je, wageni wa safari watakuwapo? Kisha hutaja kilo za mchele na za nyama, na aghalabu haendi kombo. Ujuzi wake haukutoka kitabuni. Umetoka katika sufuria zilizobaki na sufuria zilizopungua, ambazo kila moja aliikumbuka.

Asiye mjuzi ni kinyume cha hayo. Kila anapopewa habari zaidi, huzidi kujiamini, hata kama hajazidi kuwa sahihi. Mwaka 1965 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Stuart Oskamp, alichapisha uchunguzi juu ya jambo hili. Aliwapa watu 32 habari za mtu mmoja kwa mafungu manne, na baada ya kila fungu akawauliza maswali yale yale juu ya tabia za mtu huyo. Majibu yao sahihi hayakufika 28 katika mia, tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini yakini waliyokuwa nayo katika majibu yao ilipanda kutoka 33 hadi kufika 53 katika mia. Habari ziliongeza yakini, hazikuongeza ukweli. Uchunguzi huo haukuwa wa majengo, ila funzo lake lamhusu kila mwenye kukadiria: wingi wa karatasi si ushahidi wa usahihi.

Bingwa Asiye na Habari

Na sasa tuutazame mguu wa pili. Mwisho wa karne ya kumi na tisa Waingereza walitaka kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Nyanza. Wahandisi wao walikuwa katika mabingwa wa dunia. Walikuwa wamekwisha kujenga reli nyingi katika Bara Hindi. Kapteni Macdonald alipelekwa na wenzake kuipima njia katika miaka ya 1891 na 1892. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza liliidhinisha paundi milioni 3 kwa kazi hiyo. Reli ilipofika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, na hesabu zilipofungwa, gharama ilikuwa imepita paundi milioni 5.

Je, wahandisi wale hawakujua kazi yao? Walijua sana. Walichokikosa ni habari za nchi ile. Upimaji wa kwanza ulikuwa wa kupita na kutazama. Nyika ya Taru haikuwa na maji ya kuwatosha maelfu ya wafanya kazi. Maji yalipaswa kuletwa. Mteremko wa Bonde la Ufa ulidai kazi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na gharama ya kuwasafirisha, kuwalisha na kuwatibu ilikuwa juu ya gharama ya reli yenyewe. Ujuzi wa Bara Hindi ulikuwa ujuzi wa kweli, lakini haukuwa habari za Taru.

Kosa la namna hii halikwisha na karne ile. Jumba la Opera la mji wa Sydney, Australia, lilikadiriwa mwaka 1957 kuwa litagharimu dola milioni 7 za nchi hiyo. Kazi ilianza mwaka 1959, wakati ambapo namna ya kulijenga lile paa lake la ajabu ilikuwa bado haijapatikana. Lilifunguliwa mwaka 1973, na gharama ilikuwa dola milioni 102. Mabingwa walikuwapo; picha kamili ya jengo haikuwapo.

Ama reli yetu ya kati, Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905. Hawakuijenga yote kwa mkupuo mmoja. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Na kipande cha Tabora hadi Mwanza kilimalizwa na Waingereza mwaka 1928. Kujenga kwa vipande kuna hekima ambayo hata mwenye nyumba ya vyumba viwili aweza kuitumia: kipande cha kwanza kikiisha, hesabu zake huwa habari za kukadiria kipande cha pili. Anayejenga kwa hatua na kuandika kila senti aliyotumia kwenye msingi, huzikadiria kuta akiwa mjuzi zaidi kuliko alivyokuwa alipoanza. Na anayejenga kwa hatua bila ya kuandika, hubaki mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Bei ya Kilomita Moja

Watu hupenda sana bei za mkato. Utasikia, nyumba ya fulani ilimgharimu kiasi kadhaa, basi na yangu itakuwa hivyo hivyo. Au, siku hizi mita moja ya mraba ni bei kadhaa. Bei hizo zina faida yake, lakini zina mtego, na mfano wake unaonekana katika reli mpya ya kisasa inayopita Tabora.

Kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilichotiwa saini Desemba 2021, kilitangazwa kuwa cha kilomita 368 kwa dola za Marekani kama bilioni 1.9. Kipande cha Tabora hadi Isaka, cha mwaka 2022, kilomita 165 kwa dola kama milioni 900. Na cha Tabora hadi Kigoma, kilichotiwa saini Desemba 2022, kilomita 506 kwa dola kama bilioni 2.2. Gawanya, utapata kwamba kilomita moja ya kipande cha kwanza ni kama dola milioni 5.2, ya pili milioni 5.5, na ya tatu milioni 4.3.

Lakini ngoja kwanza. Kilomita hizo ni za nini? Ndani ya zile 368 za Makutupora hadi Tabora, njia kuu ni kilomita 294, na 74 zilizobaki ni njia za kupishania treni. Tabora hadi Isaka, njia kuu ni 130 na za kupishania ni 35. Tabora hadi Kigoma, njia kuu ni 411 na za kupishania ni 95. Ukigawanya kwa njia kuu peke yake, bei ya kilomita moja huwa kama dola milioni 6.5 kwa kipande cha kwanza, 6.9 kwa cha pili, na 5.4 kwa cha tatu. Fedha ni zile zile, reli ni ile ile. Kilichobadilika ni kile kinachohesabiwa. Watu wawili waweza kubishana usiku kucha barazani juu ya bei ya kilomita, na wote wawili wakawa sawa, kwa kuwa kila mmoja anapima kitu chake. Mjuzi, kabla hajajibu bei, huuliza kwanza: umehesabu nini ndani yake?

Na ndivyo ilivyo kwa nyumba. Nyumba ya fulani iliyogharimu kiasi kadhaa, je, ilikuwa na choo ndani? Kiwanja kilikuwa juu ya mwamba au katika mbuga? Milango ilikuwa ya mninga au ya mbao laini? Dari ilikuwamo? Kisima, uzio, na kuvuta umeme vilihesabiwa? Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Mkadiriaji wa Tende za Khaibar

Katika dini yetu kukadiria si jambo geni wala la kudharauliwa. Baada ya kufunguliwa Khaibar, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimpeleka sahaba wake Abdullah bin Rawaha kuzikadiria tende zingali mitini, ili ijulikane fungu la kila upande. Hakupeleka mtu yeyote tu. Alimpeleka mwenye kujua mitende. Naye imepokewa kwamba watu wa huko walipojaribu kumlainisha kwa zawadi ili awapunguzie, alizikataa, akawapa hiari: wachague wao fungu kwa makadirio yale, au wamwachie yeye alichukue kwa makadirio hayo hayo. Hiyo ndiyo alama ya makadirio ya haki: mwenye kukadiria yuko tayari kuyabeba makadirio yake mwenyewe.

Na imepokewa pia katika hadithi juu ya wakadiriaji wa zaka ya tende kwamba waliagizwa waache theluthi, na wasipoacha theluthi, waache robo. Wanavyuoni wameeleza kwamba ni kwa ajili ya kile kitakacholiwa na wenyewe na wageni, kitakachoanguka, na kitakachodonolewa na ndege. Maana yake ni kwamba hata mkadiriaji mjuzi, aliyesimama chini ya mti wenyewe, hakuambiwa afanye kana kwamba hakitapotea kitu. Leo wakadiriaji huitenga akiba ya dharura, nao hawakuzua jambo jipya.

Tena, fikihi yetu inakataza mauziano yenye gharari, yaani yale ambayo kitu chenyewe hakijulikani. Na katika mkataba wa istisnaa, wa kumwagiza fundi atengeneze kitu, wanavyuoni wameshurutisha kitu kielezwe kwa sifa zinazoondoa ugomvi. Basi mapatano ya kusema “nijengee nyumba nzuri kwa kiasi kadhaa” yanaonea pande mbili: yamwonea mwenye nyumba, na yamwonea fundi.

Habari Zinazotakiwa Tabora

Basi kwa mtu anayekusudia kujenga Tabora na miji ya njia hii, ni habari zipi hasa zinazoamua gharama?

Ya kwanza ni udongo. Katika maeneo ya juu udongo una mchanga na hushika msingi vizuri. Lakini katika mbuga, kama zile za kuelekea Nzega, Igunga na bonde la Wembere, uko udongo mweusi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi wa kawaida juu ya udongo huo huvunjika, na kuta hupata nyufa. Kuchimba shimo moja la kupima kabla ya kununua kiwanja ni gharama ndogo sana, nalo laweza kuokoa nusu ya mtaji.

Ya pili ni umbali. Tabora iko kama kilomita 840 kutoka Dar es Salaam kwa reli. Saruji na mabati vinavyotoka pwani vinabeba nauli ndani ya bei yake, kama vile nguo ya merikani ilivyobeba chakula cha mpagazi aliyeichukua. Kinyume chake, matofali ya kuchoma na mbao za misitu ya miombo vyapatikana karibu. Jengo lile lile lenye vipimo vile vile halina bei moja Kigamboni na Kwihara. Wazee waliojenga matembe kwa udongo na miti hawakuwa wajinga; walijenga kwa kile ambacho hakikupanda mabegani mwa mpagazi.

Ya tatu ni majira. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Tofali la udongo halitengenezwi wala halichomwi katika mvua, na lori halipiti kila njia. Kazi iliyokadiriwa kwa bei za Julai ikafanyika Januari si kazi ile.

Ya nne ni mchwa, ambao watu wa Tabora hawahitaji kuelezwa habari zao. Dawa ya msingi na mbao ikiachwa ili kupunguza gharama, paa litakuja kuilipa.

Ya tano ni vipimo vyenyewe. Tuchukue chumba kimoja cha mita 3 kwa 4, na kuta za kimo cha mita 3. Mzunguko wake ni mita 14. Eneo la kuta ni mita za mraba 42. Toa mlango wa mita 0.9 kwa 2.1, na dirisha la mita 1.2 kwa 1.5, zinabaki mita za mraba 38 na kidogo. Kwa tofali la saruji la inchi 18 kwa 9, mita moja ya mraba huchukua kama matofali 10. Basi ni matofali 383. Ongeza 5 katika mia kwa yatakayovunjika, utapata kama 400. Hesabu hii kijana yeyote aliyemaliza shule ya msingi aweza kuifanya. Hiyo ni habari. Lakini kujua kwamba chumba hicho kina msingi unaokula matofali chini ya ardhi, kwamba nyumba yenye vyumba viwili inashirikiana ukuta mmoja, kwamba linta inataka nondo na ubao wa kuishikilia, na kwamba maji ya kuchanganyia lazima yanunuliwe kiangazi, huo ni ujuzi. Kijana na fundi wakikaa pamoja, mmoja na kalamu na mwingine na kumbukumbu zake, watatoa makadirio bora kuliko kila mmoja peke yake.

La Kufanya

Kwa jengo la watu wengi, kama msikiti, chuo au zahanati, yafaa kumtafuta mwenye taaluma hii. Nchini Tanzania huitwa mkadiriaji majenzi, na wako chini ya bodi ya usajili pamoja na wabunifu majengo, kwa sheria ya mwaka 1997 ambayo baadaye ilifuatwa na ile ya mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Ardhi huko Dar es Salaam hufundisha elimu hiyo, na vijana wetu wa kiume na wa kike wanaopenda hesabu na wanaochukia ubadhirifu wataona ni kazi ya heshima. Ujira wa mtaalamu huonekana mzito siku ya kwanza, kwa kuwa hauonekani ukutani kama tofali. Lakini ni mwepesi kuliko jengo lililosimama njiani.

Kwa nyumba ya mtu mwenyewe, akishindwa kumpata huyo, afanye haya. Achore ramani kabla ya kuuliza bei. Awaulize mafundi watatu, na awape wote ramani ile ile na maelezo yale yale, kwani bei tatu za majengo matatu tofauti hazilinganishwi. Asiangalie aliyetaja kiasi kidogo. Aangalie aliyeuliza maswali mengi ya maana. Atake kila bei iandikwe kwa mafungu: msingi, kuta, paa, milango, lipu. Atie tarehe, kwa sababu makadirio huchakaa kama mkate. Atenge akiba asiyoigusa mpaka haja ya kweli itokee. Na kila fungu likimalizika, aandike kilichotumika kando ya kilichokadiriwa, naye asione haya kuonyesha tofauti.

Kamati za misikiti nazo zilisome daftari hilo mbele ya waumini. Mtu aliyetoa shilingi elfu tano kutoka katika pato dogo ana haki ya kujua kwamba msingi ulikadiriwa kiasi fulani, ukamaliza kiasi fulani, na sababu ni udongo mweusi uliokutwa upande wa kibla. Akiijua sababu hiyo, atatoa tena. Asipoijua, atatoa dhana.

Kuuliza si ujinga. Stanley, pamoja na mali yote ya gazeti la New York, alipanda ngazi za nyumba ya mfanyabiashara wa Unguja akauliza kama mwanafunzi, na doti alizonunua zikafika Ujiji. Na sisi tunaojenga kwa jasho letu na kwa sadaka za mayatima na wajane tuna sababu kubwa zaidi ya kuuliza, kuandika na kupima, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.